Dawa Hulegeza Msuli na Mwenye Msuli

Mhadhara kwa wagonjwa, wanaowauguza na watoa dawa

  Mliokuja na viti vya magurudumu nawashukuru mara mbili, maana najua makondakta wetu wanavyowaangalia pale kituoni.

Nimeombwa nizungumzie maudhi ya dawa za kulegeza misuli, na barua ya mwaliko inasema niwafundishe wagonjwa namna ya kuyavumilia. Hilo sitalifanya. Nimekaa miaka mingi kwenye dirisha la dawa, na wengi niliowaona wakifika pabaya ni hao waliovumilia. Mtu anavumilia usingizi, anavumilia kizunguzungu, hamwambii yeyote. Siku moja uvumilivu unamwisha na vidonge vyote anavitupa chooni. Siku mbili baadaye analetwa hospitali usiku, mwili unawaka, miguu haikunjiki, anazungumza na watu ambao hakuna mwingine anayewaona.

Nilichokuja kusema ni kwamba maudhi haya yanapangika. Yanapangika kwa dozi, yanapangika kwa saa ya kumeza, na zaidi ya yote yanapangika mgonjwa akishajua anataka dawa imfanyie kazi gani. Mambo mengine nitakayoyasema yanaegemea hapo.

Vitabu vingi vya dawa hizi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na mgonjwa wa mfano humo ni mwenye ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao kwetu ni nadra. Mgonjwa wetu ni kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo. Ni mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Ni mzee aliyepigwa na kiharusi, mkono mmoja ukajikunja na kukataa kunyooka. Ni mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Wapo pia wenye konzo, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa unaowapata wanaokula muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri. Tarime uliwakumba watu mwaka 1985, na huko Kongo umejulikana tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Hawa wote misuli yao yenyewe haina ugonjwa. Ubongo hutuma amri mbili kwenda kwenye msuli, ya kukaza na ya kutulia, na kwa hawa ile ya kutulia haifiki. Ukigusa shuka tu, mguu unaruka.

Dawa inayotumika zaidi kwa hali hii ni baklofeni. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Heinrich Keberle wa kampuni ya Ciba, Uswisi, naye alikuwa anatafuta dawa ya kifafa. Kwenye kifafa haikufaa, lakini watu wenye misuli iliyokakamaa walipata nafuu, na kazi hiyo ndiyo imebaki nayo. Inapoingia mwilini inakwenda kwenye uti wa mgongo na kuirudisha ile amri ya kutulia iliyopotea. Tatizo ni kwamba haiendi huko peke yake. Inapanda mpaka kwenye ubongo, na ubongo nao ukiambiwa utulie, unasinzia. Inaifikia misuli mizima uliyokuwa ukiitegemea, nayo inalegea. Mvua hainyeshi kwenye shamba lako tu.

Kwa hiyo usingizi unaoupata si ishara kwamba umepewa dawa mbovu, wala kwamba mwili wako "umeikataa". Ni kazi ileile ya dawa inayofanyika mahali ambapo hukuihitaji. Ndiyo maana mwaka 1984 Richard Penn na Jeffrey Kroin wa Chicago walijaribu kuipitisha baklofeni moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, njia ambayo siku hizi hutumia pampu inayowekwa chini ya ngozi ya tumbo. Kipimo kilishuka kutoka miligramu hadi mikrogramu, na usingizi ukapungua sana. Pampu hizo ni za gharama kubwa na zinahitaji kujazwa kila baada ya muda, sitaki kuwapa watu tamaa. Nimezitaja kwa sababu zinathibitisha nilichosema: punguza dawa inayofika mahali isipotakiwa, na maudhi yatapungua. Sisi wenye vidonge tutumie saa na kipimo.

Nitawapa mfano wa fundi cherehani mmoja ninayemfahamu. Anatumia cherehani ya mkono kwa sababu miguu haifanyi kazi sawasawa. Jeraha la uti wa mgongo halikuukata wote, kwa hiyo miguu ina nguvu kidogo na ukakamavu mwingi. Mguu wa kulia ulikuwa na tabia ya kuruka bila taarifa. Ukiruka unapiga meza, meza inatikisika, sindano inaacha mstari, kola ya mteja inaharibika. Usiku ndiyo kabisa, mke wake alihamia chumba cha watoto. Akaandikiwa baklofeni, ikapandishwa hatua kwa hatua mpaka mguu ukatulia. Wiki hiyohiyo akaanguka mara mbili kati ya kitanda na kiti.

Alipokuja dirishani alikuwa ameshaamua kuacha. Nikamwuliza anavyoamka. Akasema: anakaa ukingoni mwa kitanda, anashika nguzo ya chandarua, anasukuma chini, miguu inakakamaa yenyewe, na kwa ukakamavu huohuo anasimama sekunde kadhaa za kutosha kugeuka na kuketi kwenye kiti. Sasa alikuwa anameza kidonge saa 11 alfajiri, akiwa bado kitandani, ili mguu uwe umetulia akifika kazini. Baklofeni hufika kileleni kwenye damu kati ya saa moja na saa mbili hivi baada ya kuimeza. Saa 12 na nusu, anaposimama, dawa imekolea na miguu ya kumbeba haipo.

Tulimrudisha kwa daktari wake na daftari la shule lenye mistari mitatu kila siku: saa aliyomeza, saa aliyosinzia, saa mguu uliporuka. Daktari alilisoma na kupunguza kidonge cha asubuhi, akakisogeza mpaka baada ya kuhamia kwenye kiti, pamoja na chai. Cha usiku hakikuguswa. Mguu bado unaruka mara mojamoja mchana. Fundi mwenyewe anasema hiyo si shida tena. Anachotaka ni kushona, kulala, na kusimama asubuhi, na vyote vitatu anavyo.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Ukakamavu si adui mtupu. Wapo wanaousimamia, wapo wanaougeuza kuwa nguvu ya kujigeuza kitandani, wapo ambao mruko wa miguu ndiyo kengele yao kwamba kibofu kimejaa. Mgonjwa anayemwambia daktari "nataka miguu itulie kabisa" anaomba kitu kitakachomgharimu. Aseme kazi: nataka nilale mpaka alfajiri, nataka muuguzi aweze kuniosha mapajani, nataka mtoto akae kwenye kiti bila kuchomoka. Ukitaja kazi, dozi ina mahali pa kuishia. Usipoitaja, kila mwezi itapandishwa, na usingizi utapanda nayo.

Na kabla hamjakubali ipandishwe, mchunguzwe kwanza. Ukakamavu uliozidi ghafla kwa mtu ambaye alikuwa sawa mara nyingi una chanzo kingine: maambukizi ya njia ya mkojo, kibofu kilichojaa, choo kilichofunga siku kadhaa, kidonda cha mgandamizo kinachoanza kwenye kalio, ukucha ulioingia kwenye nyama, hata kiatu kinachobana. Mwenye jeraha la uti wa mgongo huenda asihisi maumivu, na badala yake mguu ndio unaolalamika. Kumwongezea dawa mtu mwenye kidonda kisichoonekana ni kumnyamazisha shahidi. Mama, ukimwosha mgonjwa, mgeuze umtazame nyuma kila siku. Ni kazi ya dakika tatu.

Sasa maudhi yenyewe. Usingizi na kizunguzungu ndiyo ya kwanza na ndiyo yanayowakimbiza wengi. Kwa kawaida huwa makali mwanzoni na kila dozi inapopandishwa, kisha mwili huzoea. Ndiyo maana baklofeni huanzishwa chini, mara nyingi miligramu 5 kutwa mara tatu, na hupandishwa polepole, siku tatu au zaidi kati ya hatua na hatua. Aliyeanza na dozi kubwa siku ya kwanza kwa sababu jirani yake anatumia hiyo, ameutafuta usingizi mwenyewe. Siku hizo za mwanzo usipande bodaboda kama dereva, usishike msumeno, usipike peke yako kwenye jiko la mkaa lililo chini. Ukiamka, kaa kwanza, subiri, ndipo usimame.

Kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa na chakula, na uji unatosha. Kufunga choo kunataka maji, papai, mboga za majani, na mwili kusogezwa hata kama ni mtu mwingine anakusogeza. Kinywa kikikauka, hasa kwa wenye tizanidini, dawa nyingine ya kulegeza misuli, piga mafundo madogo ya maji na upige mswaki mara kwa mara, maana meno huoza haraka pasipo mate. Mkojo ukigoma kutoka, hilo si la kungojea kliniki ya mwezi ujao.

Makosa mengi ya hatari niliyoyaona hayakutoka kwenye dawa moja. Yalitoka kwenye mfuko wa dawa. Mtu ana baklofeni, mafua yanambana, ananunua Piriton dukani, nayo inaleta usingizi wake. Mgongo unauma, anapewa tramado. Jioni rafiki anamletea bia mbili. Kila kimoja peke yake angekimudu. Vikiwa pamoja vinaweza kumpunguzia pumzi akiwa usingizini. Pombe na dawa hizi haviendi pamoja, na gongo ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake. Diazepamu, nayo ya kulegeza misuli, ambayo iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, ina shida yake: hubaki mwilini muda mrefu mno. Kidonge cha jana bado kipo leo, na cha leo kinaongezwa juu yake. Kwa mzee wa miaka 70, mwisho wa hesabu hiyo ni kuanguka usiku akienda msalani na kuvunjika nyonga. Kwenye pepopunda diazepamu inaokoa maisha, hilo silipingi. Ila kuimeza kila usiku kwa miaka ni jambo jingine, na mwili unaoizoea hukataa kuachana nayo.

Kuna mchanganyiko mmoja nataka kila mwenye tizanidini aukariri. Tizanidini hushusha shinikizo la damu, na ini ndilo huiondoa mwilini. Siprofloksasini, hiyo antibiotiki mnayoiita sipro, huziba njia hiyo ya ini. Watafiti wa Helsinki walipowapa watu wazima wenye afya dawa hizi mbili pamoja, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, kiasi cha tizanidini kilichopita kwenye damu kiliongezeka mara kumi hivi. Fikirini basi: nani anayetumia sana sipro hapa kwetu? Ni mwenye U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Na nani anayepata U.T.I. mara kwa mara? Ni mwenye jeraha la uti wa mgongo anayetumia mpira wa mkojo, huyohuyo mwenye tizanidini. Anainunua dukani bila cheti, na jioni anazimia. Dawa hizi mbili hazipewi mtu mmoja kwa wakati mmoja, basi.

Baklofeni yenyewe hutolewa zaidi na figo. Figo zikichoka, dawa inajikusanya, na dozi ambayo kwa mwingine ni ya kawaida inamchanganya mtu akili. Huko Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wazee wenye ugonjwa wa figo walioanzishiwa baklofeni; kati ya waliopewa miligramu 20 au zaidi kwa siku, kama mmoja katika 90 alilazwa kwa kuchanganyikiwa ndani ya mwezi mmoja. Kwetu ongezeeni diklofenaki, dawa tunayoimeza kwa kila maumivu kana kwamba ni karanga, nayo huzibana figo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu apimwe figo kabla ya kuanza baklofeni. Kipimo ni cha damu.

Kuhusu vile vidonge vya mgongo vyenye klorzoksazoni, vinavyouzwa vimechanganywa na paracetamo na dawa nyingine ya maumivu, nitasema machache. Ni vya siku chache, kwa mgongo uliokaza baada ya kubeba mzigo. Vinaweza kugeuza mkojo ukawa wa rangi ya machungwa au nyekundu, na rangi hiyo peke yake haina madhara. Lakini mkojo ukiwa mweusi wa rangi ya Coca-Cola na macho yakawa ya njano, hilo ni ini. Acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye kukazwa na misuli ya vigimbi usiku asimeze kwinini iliyobaki nyumbani baada ya matibabu ya malaria. Marekani ilionya dhidi ya matumizi hayo mwaka 2006, kwa sababu kwinini inaweza kuharibu mapigo ya moyo na kushusha chembe za kugandisha damu.

Akina mama wenye watoto wa mtindio wa ubongo, nawajua mmekaa nyuma. Mtoto aliyezidiwa na dawa halalamiki. Mtamjua kwa shingo: kichwa alichokuwa amejifunza kukishikilia kinaanguka tena. Mate yanaongezeka, kumeza kunakuwa kwa shida. Mtoto anayesinzia asilishwe uji kwa nguvu, utaingia kwenye mapafu. Mngojee aamke, umkalishe wima, ndipo umlishe. Mkipewa chupa au vidonge vipya, linganisheni na vya zamani kabla hamjatoka dirishani. Baklofeni ipo ya miligramu 10 na ipo ya miligramu 25, na bahasha yenye maandishi "½ x 3" haisemi nusu ya kipi. Hapo lawama ni yetu watoa dawa. Tuandike miligramu.

Nimeacha la kuacha dawa mpaka sasa kwa sababu ndilo zito. Baklofeni ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea, mwili hulipiza. Huanza na mwasho usio na vipele, jasho, wasiwasi, ukakamavu kuliko wa mwanzo. Kisha homa kali, kuona visivyokuwepo, degedege. Inaweza kuua. Nyumbani wanasema malaria kali, wengine wanasema kapandwa na majini, na muda unapotea. Ndugu, mkimfikisha hospitali, neno la kwanza liwe: huyu alikuwa anatumia baklofeni na ameikosa tangu siku fulani. Nendeni na bahasha yake. Anayetaka kuacha ana haki hiyo, lakini hupunguziwa kwa hatua, wiki hadi wiki, akiangaliwa. Diazepamu vilevile.

Mwezi wa Ramadhani huleta jambo hili bila mtu kukusudia. Baklofeni hupungua nusu kwenye damu kila baada ya saa tatu au nne. Kutoka daku hadi futari ni zaidi ya saa 13, na kidonge cha mchana hakipo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na masheikh wetu wanaijua vizuri kuliko mimi. Mwenye kutamani kufunga pamoja na hayo amwone daktari mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya mfungo miguu ikiwa imeshakaza. Kuna ambao dozi zao zinaweza kupangwa upya, na kuna ambao haziwezi. Mwenye dozi kubwa, au mwenye figo dhaifu, au aliyewahi kupata degedege, namwomba asifunge.

Maudhi yasiyo ya kawaida yanaripotiwa. Tanzania ni kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya ni kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti bila kumsubiri daktari. Msione haya. Dawa hizi zilijaribiwa zaidi kwa watu wa nchi nyingine, na tusiposema sisi yanayotupata, hakuna atakayetusemea.

Pale mlangoni tumeweka meza, na wafamasia wawili wamekaa hadi saa 8 mchana. Mwenye vidonge vilivyobaki vya chini ya wiki moja asiondoke hapa kabla hajapita kwao. Hata kama hukuja na hela, pita.